Sura ya Tano: Shingo Hunyooshwa na Siku Nzima

Mtoto mchanga hutazamwa na watu wengi ndani ya arobaini yake kuliko katika miezi mingi inayofuata. Bibi humwogesha, shangazi humpokea, majirani huja kumpa mama pole ya uzazi na kumfunua mtoto uso. Hata hivyo kuna kasoro moja inayowapita wengi wao, kwa sababu kila anayempokea mtoto humshika kichwa, na kichwa kilichoshikwa hakionyeshi kingeelekea wapi kikiachwa. Akilazwa chali peke yake ndipo jambo linapojitokeza: sikio moja limeinamia bega, kidevu kimegeukia upande wa pili, na akiitwa kutoka upande asiouzoea husogeza macho tu, au hugeuka mwili mzima, lakini shingo haifuati. Wanaoona husema alikaa vibaya tumboni, shingo bado changa, akiikaza itakaa sawa. Sura hii inaupinga ushauri huo wa kungoja. Inaupinga vilevile ushauri wa upande wa pili, wa kumpeleka mtoto kwa mwenye mikono mizito amnyooshe kwa siku moja. Shingo ya namna hii hunyooshwa na mpangilio wa siku nzima ya mtoto, yaani anavyolazwa, anavyobebwa, anavyonyonya na upande anakoitwa. Kazi hiyo ni ya nyumbani, na wakati wake ulio bora huja mapema sana, kabla hata arobaini haijaisha.

Tuanze na msuli wenyewe. Kila upande wa shingo una msuli mrefu unaoanzia kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio na kushuka mshazari hadi kwenye kidari na mtulinga. Mtu mzima akisimama mbele ya kioo na kugeuza uso kushoto, atauona ule wa kulia ukijitokeza chini ya ngozi. Msuli huu hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: huinamisha kichwa upande wake, na hugeuza uso kuelekea upande wa pili. Kwa hiyo ukikaza na kufupika upande wa kulia, kichwa huinamia kulia huku uso ukitazama kushoto. Mkao huo wa pande mbili ndio alama ya hali ambayo madaktari huiita tortikolisi ya kuzaliwa. Makadirio yanayotajwa zaidi ni kwamba huwapata watoto 3 kati ya 1,000 hadi 2 kati ya 100, na wapo watafiti waliopata idadi kubwa zaidi walipowapima watoto wote badala ya kungoja wale walioletwa na wazazi. Hutokea zaidi kwa mtoto aliyebanwa tumboni, aliyetanguliza matako, aliyezaliwa na uzito mkubwa, au aliyetoka kwa shida. Si dalili ya uzembe wa mama, wala haitokani na jinsi alivyolala usiku alipokuwa mjamzito, na ni vyema wanaomzunguka mama mzazi waache kumtia hatia hiyo.

Watoto wenye hali hii si wa namna moja. Wapo ambao msuli wao si mfupi hata kidogo. Wamezoea tu kutazama upande mmoja, na mkono wa mtu mwingine unaweza kuigeuza shingo yao mpaka mwisho pasipo kikwazo. Wapo ambao msuli umekaza kweli na shingo haifiki mwisho. Na wapo ambao ndani ya msuli huo uliokaza kuna uvimbe mgumu, ambao kwa kawaida hujitokeza wiki chache baada ya kuzaliwa. Uvimbe huu huwatisha sana wazazi, na ndio unaowapeleka wengine kwa watu wa kuchanja na kuchoma. Lakini ni sehemu ya msuli iliyogeuka kuwa nyuzi ngumu. Si saratani, hauna usaha wa kutolewa, na kwa watoto wengi huyeyuka wenyewe katika miezi inayofuata. Daktari anaweza kuuhakikisha kwa kuupapasa na, pale penye shaka, kwa kipimo cha altrasaundi. Haufai kuchanjwa, kuchomwa, wala kusuguliwa kwa nguvu.

Hong Kong ndiko ulikofanyika uchunguzi mmoja mkubwa kabisa wa jambo hili. Madaktari wa mifupa wa huko waliwafuatilia watoto 821 walionyooshwa shingo kwa mikono, wakatoa matokeo yao mwaka 2001. Wengi sana walipona bila kisu. Wachache waliohitaji upasuaji walitoka hasa katika kundi lenye uvimbe, na katika kundi la waliozoea tu kutazama upande mmoja hakuna aliyeuhitaji. La muhimu zaidi kwa hoja yetu ni vitu vilivyotabiri matokeo: mtoto yuko katika kundi gani, shingo ilikuwa imepungukiwa kugeuka kwa kiasi gani siku ya kwanza, na alikuwa na umri gani tiba ilipoanza. Mambo mawili ya kwanza mzazi hana uwezo nayo. La tatu liko mikononi mwake.

Tawi la watoto la chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Marekani lilitoa mwongozo wa tiba ya shingo hii mwaka 2013, likaufanyia marekebisho baadaye, na ndani yake umri umepewa uzito wa pekee. Kwa takwimu zinazotumika humo, mtoto anayeanza tiba kabla ya kutimiza mwezi 1 ana nafasi ya asilimia 98 ya kupata shingo inayogeuka sawasawa, na hilo huchukua kama mwezi mmoja na nusu. Akianza baada ya mwezi wa kwanza, kazi hurefuka hadi kama miezi 6. Akianza baada ya miezi 6, huenda ikahitaji miezi 9 au 10. Sababu yake inaeleweka. Msuli wa mtoto wa wiki 3 bado laini, naye hana nguvu wala sababu ya kupigana na mkono unaomgeuza. Mtoto wa miezi 7 anabingirika, anataka kutambaa, na hakubali kushikwa kichwa. Tena fuvu hukua kwa kasi ambayo haitarudi: mzunguko wa kichwa huongezeka kama sentimita 12 katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo huja katika miezi ya mwanzo. Kichwa kinacholalia mahali pamoja wakati huo hubapa mahali hapo, sikio la upande huo husogea mbele kuliko lenzake, na kadiri kinavyobapa ndivyo kinavyojiviringisha kurudi palepale. Msuli hubapisha kichwa, na ubapa nao huushikilia msuli.

Anayesema tungoje ana hoja, na hoja yake si ya kupuuzwa. Watoto wengi wenye mkao huu, hasa wa kundi jepesi, hunyooka bila mtu kujua kuwa walikuwa na tatizo. Bibi aliyelea watoto kumi na kuona shingo mbili zilizojinyoosha hasemi uongo. Tatizo ni kwamba katika wiki ya 3 hakuna mtu anayeweza kumtenga kwa kumtazama tu mtoto atakayenyooka mwenyewe na yule ambaye msuli wake utaendelea kufupika mpaka uso ukue bila ulinganifu, jicho na shavu la upande mmoja yakiwa chini kuliko ya upande wa pili. Anayeanza mapema na kumbe hakuhitaji, amepoteza nini? Mtoto amelazwa kwenye mkeka, amesemeshwa kutoka upande asiouzoea, amebebwa kwa namna tofauti. Anayengoja na kumbe alihitaji, amepoteza ule mwezi ambao kazi ya wiki chache ingetosha. Gharama hizi mbili hazilingani hata kidogo, nami sioni namna ya kuutetea ushauri wa kungoja baada ya kuziweka pamoja.

Basi kazi yenyewe ni ipi? Watu wengi wakisikia shingo imekaza hufikiria kunyoosha tu, na wakifikiria kunyoosha hufikiria nguvu. Fanya hesabu kidogo. Mzazi mwenye bidii akimnyoosha mtoto mara nne kwa siku, na kila mara akashika shingo sekunde 30 kwa kurudia mara tano, amefanya kazi ya dakika 10. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa chini ya miezi 3 anahitaji kulala saa 14 hadi 17 katika siku. Kama saa hizo zote kichwa kimeinamia upande uleule, na saa anazokuwa macho uso unatazama upande uleule kwa sababu mama, mlango na mwanga viko upande huo, dakika 10 zitafanya nini mbele yake? Hii ndiyo sababu mwongozo niliotaja hauweki kunyoosha peke yake. Unaunganisha mambo matano yaende pamoja: kunyoosha shingo, kumfanya mtoto aigeuze mwenyewe, kuzoeza mwili mzima kutumia pande zote mbili, kupanga mazingira yake, na kumfundisha anayemlea. Manne kati ya hayo hayana mkono unaovuta.

Tuchukue mtoto ambaye msuli wake wa kulia ndio uliokaza. Kichwa chake kimeinamia kulia na uso unapenda kushoto. Tunachotaka ni atazame kulia mara nyingi iwezekanavyo, na kichwa kipate nafasi ya kuinama kushoto. Kitanda ndicho cha kwanza. Mtoto mchanga hugeukia uhai: sauti, mwanga wa dirisha, harufu ya mama. Alazwe chali, kichwa upande ule wa kitanda ambao utaviweka vitu hivyo vyote kuliani kwake na kumwachia ukuta mtupu upande wa kushoto. Kama kitanda hakihamishiki, mtoto ndiye ageuzwe, kichwa kiwekwe kulipokuwa na miguu. Anayekuja kumwamkia aje kutoka kulia. Anayetikisa kayamba aitikise kulia, kwanza mbele ya macho yake, halafu aisogeze taratibu ili shingo iifuate. Kumbuka mtoto wa wiki za mwanzo haoni mbali. Uso wa mtu ulio umbali wa shibiri moja au moja na nusu humvuta kuliko mdoli wowote wa dukani.

Kunyonya nako kuna siri yake. Akina mama wengi hugundua kwanza kwamba mtoto ananyonya vizuri titi moja na kugombana na jingine, wakadhani titi hilo halina maziwa au chuchu ina kasoro, kumbe shingo haigeuki kulifikia. Suluhisho ni kutobadilisha mkao wake: akiwa amemaliza titi analolipenda, telezesha mwili wake wote kuelekea la pili bila kumgeuza, miguu yake ipite chini ya kwapa lako kuelekea mgongoni. Hivyo hatanyimwa titi wala halitajaa na kuuma. Shingo ikianza kulegea baada ya siku kadhaa, mjaribu tena kwa mkao wa kawaida. Anayelishwa kwa chupa au kikombe kwa sababu za kitabibu ashikwe namna ambayo chakula kinamjia kutoka kulia.

Kubeba ndiko ambako malezi yetu yana faida kubwa, na inasikitisha kuona familia za mjini zikiiacha desturi hii kwa kudhani ni ushamba. Mtoto aliyebebwa halalii kisogo. Kila saa aliyo mgongoni au kifuani ni saa ambayo fuvu halikandamizwi na godoro, kiti cha gari wala kibembea cha plastiki. Tena akiwa mgongoni ameitanua miguu kwenye kiuno cha mama, mkao ambao madaktari wa mifupa huusifu kwa afya ya nyonga. Lakini mgongo wa mama hautibu shingo wenyewe. Mtoto wa mfano wetu akiachwa atalaza shavu la kulia mgongoni na kutazama kushoto, kama alivyozoea. Kila anapofungwa mbeleko ageuzwe alaze shavu la kushoto na kutazama kulia, na kanga ipande hadi nyuma ya kichwa kwa yule ambaye bado hajakaza shingo, pua na mdomo vikiwa wazi wakati wote. Kuna pia ubebaji wa mikononi ambao ni tiba hasa: mlaze mtoto ubavu wa kulia, mgongo wake ukiegemea kifua chako na uso ukitazama mbele. Mkono wako mmoja upite chini ya kichwa chake, katikati ya sikio la kulia na bega la kulia, ukiinua kichwa kidogo. Wa pili upite katikati ya miguu na kukishika kiwiliwili. Uzito wa mtoto mwenyewe unaunyoosha msuli huku akiangalia kuku uani. Kwa kawaida mtoto halii kwa ubebaji huu, na anaweza kukaa hivyo dakika nyingi kuliko mkao wowote wa kushikwa kichwa kitandani.

Na kuna kulala kifudifudi akiwa macho. Hapa hoja mbili za usalama zinagongana, na inafaa zipangwe vizuri. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Uingereza, Marekani na nchi nyingine zilipowahimiza wazazi wawalaze watoto chali, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu huko Marekani. Ushauri huo haubadiliki kwa mtoto mwenye shingo ya upande: usingizi ni chali, juu ya godoro lisilobonyea, bila mto wa usufi, bila kanga iliyoviringishwa kuzuia kichwa, kwa sababu vitu hivyo vinaweza kumziba pumzi. Hata hivyo, mtoto alalaye chali usiku na kukaa chali mchana kutwa hana wakati wa kuinua kichwa. Kwa hiyo akiwa macho na anatazamwa, alazwe kifudifudi kwenye mkeka, au kifuani kwa baba aliyejilaza nusu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa, kwa mtoto ambaye bado hatambai; wa wiki 2 ataanza na dakika moja moja. Mtafiti wa Sweden, Anna Öhman, na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba kuchelewa kwa hatua za mwanzo za mwili kwa watoto wenye shingo hizi kulihusiana zaidi na uchache wa kulazwa kifudifudi kuliko na shingo yenyewe. Matokeo hayo yanamtoa mzazi hofu na kumpa kazi kwa wakati mmoja.

Kupanga kitanda, kubeba kwa mbeleko na kulaza mkekani kunaweza kuanza saa hii hii, kwa sababu hakumvuti mtoto shingo. Kunyoosha kwa mkono, pamoja na ule ubebaji wa ubavu, ni jambo jingine: hakufanywi mpaka mtoto amepimwa na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Shingo inaweza kuinama kwa sababu zisizohusu msuli huu. Pingili za shingo zinaweza kuwa zimeungana tangu tumboni. Mtulinga unaweza kuwa umevunjika wakati wa kuzaliwa. Mishipa ya fahamu ya mkono inaweza kuwa imeumia, na mkono wa upande huo ukalegea. Jicho moja linaweza kuwa dhaifu, mtoto akainamisha kichwa ili aone vizuri. Kiungulia kikali kinaweza kumpinda baada ya kunyonya. Mtoto mwenye ugonjwa wa Down huenda akawa na pingili za juu zisizoshikana imara, na kumvuta shingo ni hatari kubwa. Nyonga nazo zikaguliwe siku hiyo hiyo, kwani hitilafu ya nyonga huonekana mara nyingi zaidi kwa watoto wenye shingo hii kuliko kwa wengine. Na kama shingo imepinda ghafla kwa mtoto aliyekuwa mzima, au pamoja nayo kuna homa, kushindwa kumeza, kutapika kusikoisha, macho yanayochezacheza au usingizi mzito usio wa kawaida, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

Mtoto akishapimwa, kunyoosha kwenyewe ni kazi ya upole. Mlaze chali akiwa ameshiba kiasi na ametulia, si mara tu baada ya kunyonya. Kwa yule wa msuli wa kulia, mkono mmoja utulie juu ya bega la kulia ulizuie lisipande. Wa pili ukumbatie kisogo na kukipeleka kichwa kushoto taratibu, sikio la kushoto likikaribia bega la kushoto, pua ikiendelea kutazama juu. Shika hapo unapohisi kuzuiliwa kidogo, sekunde 10 hadi 30, kisha rudisha. Mwendo wa pili ni kugeuza: bega la kushoto litulizwe lisiinuke, na kidevu kielekezwe bega la kulia. Kichwa hakivutwi kwenda juu, hakisukumwi kupita pale kinapokataa, na mtoto akikakamaa au akilia kwa maumivu mkono unaachia. Rangi ya uso au pumzi ikibadilika, acha kabisa na uulize. Idadi ya marudio atakupangia aliyempima, na afadhali akuone ukifanya mbele yake kabla hujarudi nyumbani. Kuanzia mwezi wa 3 au wa 4 ataongeza zoezi la nguvu: mtoto anashikwa wima na kuinamishwa kidogo upande wa kulia, naye kwa kutaka kuona sawa anakiinua kichwa kwa misuli ya kushoto, ile iliyokaa bila kazi tangu mwanzo.

Hapa ndipo mwenye kuamini mikono mizito huuliza: kama msuli umekaza, kwa nini usilegezwe mara moja na mjuzi wa kuchua? Kumkanda mtoto kwa mafuta baada ya kuoga ni desturi nzuri, humtuliza na kumzoeza kuguswa shingo, na sina neno baya juu yake. Lakini kupinda kwa nguvu ni kitu tofauti na kukanda. Msuli uliojaa nyuzi ngumu haurefuki kwa pigo moja; hurefuka kwa kuvutwa kidogo, mara nyingi, kwa siku nyingi, na ukilazimishwa huumia na kupona kwa kovu jingine. Na nyuma ya msuli huo kuna uti wa mgongo na mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo. Mwaka 2009 jarida la madaktari la Uholanzi lilieleza kifo cha mtoto wa miezi 3 aliyepindwa shingo na uti wa mgongo na mtu aliyedai kumtibu kwa mikono. Anayeahidi kumaliza kazi kwa siku moja asipewe mtoto, awe mtaalamu wa mjini mwenye cheti ukutani au mzee anayeheshimika kijijini.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa wataalamu wenyewe, nalo ndilo zito kuliko yote. Wanasema mzazi si fundi wa misuli. Atanyoosha upande usio wake, au ataogopa na kufanya nusu. Wana ushahidi. Öhman na wenzake waliwagawa watoto wachache kwa bahati nasibu, wengine wanyooshwe na mtaalamu mzoefu, wengine na wazazi wao, na matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kuwa walioshikwa na mtaalamu walinyooka mapema zaidi. Sitayafunika matokeo hayo. Anayeishi karibu na hospitali yenye mtaalamu wa watoto amtumie kwa kadiri anavyoweza. Lakini uchunguzi ule ulilinganisha mkono wa nani unanyoosha. Haukumhamisha mtoto akalale kwa mtaalamu. Walioshikwa na mtaalamu pia walirudi nyumbani kulazwa, kubebwa na kunyonyeshwa na mama zao. Kwa wazazi wengi wa Tanzania na Kenya, swali halisi si mtaalamu kila siku au mzazi. Ni mzazi aliyefundishwa na kukaguliwa mara kwa mara, au hakuna mtu. Hospitali za rufaa na nyingi za mikoa na kaunti zina idara ya fiziotherapia, na safari moja ya kufundishwa katika wiki ya 3 ina faida kuliko safari kumi zinazoanza mwezi wa 8.

Mama aliyechoka atauliza muda wa haya yote utatoka wapi. Ukiyatazama vizuri, mengi hayaongezi kazi; yanageuza tu kazi iliyokuwapo. Mtoto wa mfano wetu angebebwa, sasa anabebwa kwa ubavu wa kulia. Angesemeshwa, sasa anasemeshwa kutoka kulia. Kinachohitajika zaidi ni nyumba nzima kukubaliana, kwa sababu mama akipanga na wengine wakapangua, shingo inabaki palepale. Baba, dada wa kazi, bibi na kaka mkubwa wote waonyeshwe upande. Alama ndogo, kama uzi wa rangi kwenye mguu wa kitanda wa upande huo, humkumbusha kila mtu pasipo kugombezana.

Shingo ikishanyooka kazi haijaisha papo hapo. Kuinama huweza kurudi mtoto akiwa na homa, amechoka, au anajifunza kukaa na kusimama, na wataalamu hutaka kumwona tena kati ya miezi 3 na 12 baada ya kumruhusu, au anapoanza kutembea. Kama miezi 6 ya tiba iliyofanywa ipasavyo haijaleta mabadiliko, apelekwe kwa daktari wa mifupa. Upasuaji wa kuurefusha msuli upo, na huwa na matokeo mazuri kwa wachache wanaouhitaji.

Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 tayari zimemfikisha mtoto mbele ya muuguzi, na kukagua shingo hakuhitaji kifaa: ni kumlaza chali, kumgeuza kidevu kulia na kushoto, na kupapasa pande mbili za shingo. Mwombe afanye hivyo na aandike alichokiona kwenye kadi ya kliniki. Lakini kama mtoto wako ana wiki 2 na umeshaona anatazama upande mmoja tu, usiingoje hiyo wiki ya 6. Geuza kitanda leo, na mpeleke akapimwe wiki hii.